Nafasi ya Diski ni Mali ya Wote: Utunzaji wa Kazi za Wanafunzi katika Chumba cha Kuhariri Video

Haya ni maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wakuu wa shule, walimu wa TEHAMA na wajumbe wa bodi za shule. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.





Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, tena la mafundi: namna ya kutunza kazi za video za wanafunzi katika kompyuta za shule. Wafadhili wanapotutembelea hutuuliza tuna kompyuta ngapi, na wanafunzi wangapi wamejifunza kuhariri. Ni nadra mtu kuuliza: kazi za watoto wa mwaka jana ziko wapi? Leo tunapenda kuuliza swali hilo, na kupendekeza utaratibu ambao kila shule inaweza kuufuata bila kusubiri mradi mpya.

Tunayotaka kusema kwa ufupi ni haya. Nafasi ya diski ni mali ya wote, kama ghala la kijiji. Ghala lisilo na mtunzaji wala makubaliano hujaa, na likishajaa mwenye nguvu humtupia nje mnyonge mzigo wake. Kulijenga kubwa zaidi huahirisha ugomvi tu. Dawa yake ni kukubaliana mapema nini kinatunzwa, wapi, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kufuta.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa

Wale walioanza kazi hii zamani watakumbuka kaseti ndogo za MiniDV. Kaseti ya saa moja ilibeba video ambayo ikiingizwa katika kompyuta ilichukua gigabaiti 13 hivi. Diski za wakati ule zilikuwa ndogo, kwa hiyo tulifuta kila mara. Lakini tulipofuta hatukupoteza kitu kikubwa, kwa sababu kaseti yenyewe ilibaki kabatini. Kama kompyuta iliharibika, tulirudi kwenye kaseti na kuanza upya.

Siku hizi kaseti haipo. Mwanafunzi anarekodi kwa simu au kwa kamera yenye kadi ya kumbukumbu. Akishahamishia video kwenye kompyuta anaifuta kadi, kwa sababu kundi jingine linaisubiri. Kuanzia dakika ile, nakala iliyo katika diski ya shule ndiyo nakala pekee duniani. Hili ndilo badiliko ambalo shule nyingi hazijalitilia maanani. Tumeacha kaseti, lakini tumeendelea na tabia za wakati wa kaseti: kufuta haraka tukidhani asili ipo mahali fulani. Haipo.

Tufanye hesabu pamoja

Simu ya siku hizi ikirekodi kwa kiwango cha kawaida cha HD hutumia megabaiti kati ya 60 na 130 hivi kwa kila dakika, kulingana na namna inavyobana picha. Ikiwekwa kwenye kiwango cha 4K inaweza kutumia megabaiti 350 kwa dakika. Shauri la kwanza basi halina gharama yoyote: mwalimu ahakikishe simu na kamera zote zimewekwa HD kabla wanafunzi hawajatoka kwenda kurekodi. Kwa kazi itakayoonyeshwa ukumbini au kwenye simu za wazazi, HD inatosha kabisa.

Sasa tuchukue kidato chenye wanafunzi 80, waliogawanywa katika makundi 20 ya watu wanne. Kila kundi linarekodi dakika 40. Kwa megabaiti 130 kwa dakika, kundi moja lina gigabaiti 5.2, na makundi yote 20 yana gigabaiti 104. Lakini kila mwanafunzi akiweka nakala yake katika folda yake binafsi, kama inavyotokea mara nyingi, gigabaiti 104 zinageuka 416, na hakuna hata picha moja mpya iliyoongezeka.

Tuseme tumelizuia hilo, na kundi linatunza nakala moja tu. Tukiongeza mafaili ambayo programu huyatengeneza yenyewe, pamoja na video za majaribio, kundi litafika gigabaiti 10. Vidato vinne, kila kimoja na mradi mmoja kwa muhula, kwa mihula miwili, vinafikisha gigabaiti 1,600 kwa mwaka. Diski inayouzwa dukani kuwa ya terabaiti 2 kwenye Windows huonyesha 1.8 hivi. Kwa hiyo diski mpya inakaribia kujaa kabla ya likizo ya Desemba. Ukinunua yenye ukubwa mara mbili, umejinunulia mwaka mmoja.

Wapo wanaosema tuweke kazi zote kwenye intaneti. Tuhesabu hilo pia. Shule yenye uwezo wa kupeleka megabiti 2 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa 5 kupandisha gigabaiti 5 za kundi moja, na tuna makundi 20. Aidha, ukomo upo hata kwa matajiri. Google, waliokuwa wakizipa taasisi za elimu nafasi bila kikomo, mwaka 2021 walitangaza kikomo cha terabaiti 100 za pamoja kwa kila taasisi. Intaneti inafaa kwa video iliyokamilika, ambayo ni ndogo. Haifai kuwa ghala letu la video ghafi.

Yaliyotokea katika shule mojawapo

Tuliitembelea shule moja, ambayo hatutaitaja, na wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakatueleza habari ambayo imetufanya tuandae maelezo haya. Kundi la wasichana wanne lilikwenda kwa mzee mmoja wa kijiji kumhoji juu ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Mzee alikuwa mmoja wa wachache waliobaki wanaojua jinsi maji yalivyogawanywa kwa zamu baina ya koo, nani alifungua lango la maji alfajiri, na adhabu gani ilimpata aliyeiba zamu ya mwenzake. Alizungumza karibu saa nzima. Wasichana wakarudi, wakahamishia video kwenye kompyuta, wakafuta kadi.

Wiki chache baadaye mahafali ya Kidato cha Nne yalikaribia. Kundi la mahafali lilihitaji nafasi, diski ilikuwa imejaa, na mwalimu alikuwa safarini. Mwanafunzi mmoja akatafuta folda kubwa kuliko zote. Ilikuwa imeandikwa “video mpya 2”. Akaifuta.

Ilipogundulika, video za mahafali zilikuwa zimekwisha kuandikwa juu yake, na fundi aliyeitwa hakuweza kurudisha kitu. Wasichana walisema, “Basi, tutarudi kwa babu.” Lakini babu alikuwa amefariki. Kilichobaki ni video ya majaribio ya nusu dakika, ambamo mzee anasikika akiuliza kama kamera imeshawaka.

Ndugu zangu, katika habari hii hakuna aliyevunja kanuni, kwa sababu kanuni haikuwepo. Yule kijana wa mahafali hakuwa na nia mbaya. Folda haikuwa na jina la mtu wala tarehe, na hakukuwa na mahali palipoandikwa kwamba mwanafunzi hafuti kazi ya mwenzake. Mzee alikuwa akieleza jinsi wazee wetu walivyoweza kugawana maji machache bila kudhulumiana. Nasi tumeshindwa kugawana diski.

Mahindi, unga na pumba

Hatua ya kwanza ya utaratibu ni kuwafundisha wanafunzi kutambua kwamba si kila kilichomo ndani ya diski kina thamani sawa. Tunapendekeza lugha ya mashine ya kusaga, ambayo kila mtoto anaielewa.

Mahindi ni video ghafi, ile iliyotoka kwenye kamera. Pamoja nayo ni faili la mradi, yaani lile ambalo programu ya kuhariri inaandika ndani yake maamuzi yote ya mwanafunzi: kata hapa, unganisha pale, weka sauti hii. Faili la mradi ni dogo sana, mara nyingi halifiki hata megabaiti moja, lakini ndani yake mna wiki nzima za kazi ya mtoto. Linakiliwe kila siku bila kusita.

Unga ni video iliyokamilika. Dakika tano za video iliyokamilika ni megabaiti mia chache tu. Hii itunzwe miaka yote.

Pumba ni mengine yote: nakala nyepesi ambazo programu inazitengeneza ili kompyuta isikwame, picha ndogo za kuonyesha yaliyomo, mafaili ya muda, na zile video za majaribio zinazoitwa “mwisho”, “mwisho kabisa” na “mwisho kweli”. Pumba zinaweza kutengenezwa tena wakati wowote mahindi yakiwepo. Kwa hiyo diski ikijaa tunaanza na pumba. Kwa kawaida wanafunzi huanza na mahindi, kwa sababu mahindi ndiyo yanayoonekana kwenye folda yao, na pumba programu imezificha. Programu nyingi za kuhariri, zikiwemo za bure kama Kdenlive, zina sehemu ya kuonyesha na kufuta mafaili hayo ya muda. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi mahali hapo katika kipindi cha kwanza kabisa, kabla hata ya kuwafundisha kukata picha.

Jambo jingine: faili la mradi halibebi video ndani yake. Linakumbuka tu kwamba video iko katika folda fulani. Folda ikihamishwa au ikibadilishwa jina, mwanafunzi akifungua mradi anaambiwa video haipo, naye anadhani amepoteza kila kitu. Kwa sababu hiyo, majina ya folda yapangwe siku ya kwanza na yasibadilishwe. Tunashauri mwaka, kidato, namba ya kundi, na neno moja la mada, kwa mfano 2025-K3-07-MFONGO. Folda yenye jina la namna hiyo ina mwenyewe anayejulikana, na kitu chenye mwenyewe hakifutwi ovyo.

Mgao uende kwa kundi

Hatua ya pili ni mgao. Mifumo ya seva, Windows na Linux, ina uwezo wa kuweka kikomo cha nafasi. Fundi wenu anaweza kuuwasha bila kununua kitu. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila mwanafunzi awe na akaunti yake na neno lake la siri, lakini mgao mkubwa uwekwe kwenye folda ya kundi. Folda binafsi ya mwanafunzi iwe ndogo, gigabaiti moja inatosha kwa maandishi yake. Hivyo tunaondoa ule mchezo wa kila mmoja kujiwekea nakala yake. Akaunti moja inayotumiwa na darasa zima isiwepo tena, kwa sababu likitokea tatizo hakuna anayejua nani alifanya nini, na mwenye kudhulumiwa hana pa kushika.

Pili, kuwe na onyo kabla ya kikomo. Linux ina kikomo laini na kikomo kigumu: kundi likivuka kile laini hupewa siku za kujirekebisha, kwa kawaida siku 7, kabla ya kuzuiwa. Windows Server inaweza kutoa onyo mgao ukifika asilimia mnayoichagua. Tumieni uwezo huo. Kundi likigonga ukuta ghafla katikati ya kuhifadhi kazi, faili la mradi linaweza kubaki nusu na lisifunguke tena. Onyo la mapema ni kumtendea mtoto haki.

Tatu, msigawe diski yote. Acheni sehemu moja ya tano wazi. Daima kuna kundi lenye sababu ya kweli ya kuomba zaidi, na ni vema mwalimu awe na akiba ya kutoa badala ya kumnyang’anya mwingine.

Mahali pa kufanyia kazi

Tumekuta shule ambazo mwanafunzi akiingia kwenye kompyuta yoyote, vitu vyake vyote vya kwenye uso wa kompyuta vinamfuata kutoka kwenye seva. Kwa maandishi ni jambo zuri. Kwa video ni mzigo. Mtandao wa ndani wa megabiti 100 kwa sekunde, hata ukifanya kazi vizuri kabisa, unapitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde. Mwanafunzi aliyeweka gigabaiti 6 kwenye uso wa kompyuta atasubiri dakika 8 kabla ya kuanza, na kipindi ni dakika 40. Wakiingia wanafunzi 20 kwa pamoja, kipindi kinaisha wakitazama kiduara kinachozunguka. Mwalimu anailaumu kompyuta kuwa ni kuukuu, kumbe tatizo ni mahali ambapo mzigo umewekwa.

Kwa shule zenye mtandao wa namna hiyo, utaratibu rahisi ni huu. Video ghafi iingie kwanza kwenye seva, katika folda ambayo wanafunzi wanaweza kusoma lakini hawawezi kufuta. Kisha ikiliwe kwenye diski ya kompyuta ambayo kundi limepangiwa kwa muhula mzima, na uhariri ufanyike hapo. Dakika tano kabla ya kengele, kundi linakili faili la mradi peke yake kwenda kwenye seva. Kompyuta ikifa usiku ule, mahindi yapo, na maamuzi ya mtoto yapo. Kundi linahamia kompyuta nyingine, linaiweka video katika folda yenye jina lilelile, na linaendelea.

Kompyuta zikiwa dhaifu, tumieni nakala nyepesi. Kdenlive, Shotcut na DaVinci Resolve zote zinaweza kutengeneza nakala ndogo ya kila video, mwanafunzi akahariri kwa hiyo, na mwishoni programu ikarudi yenyewe kwenye video asili. Nakala hizo ni pumba. Mradi ukikamilika zifutwe.

Kuhusu flashi, tunawakumbusha mambo mawili. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kupokea faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata kama nafasi ipo tele. Flashi ikipangwa upya kwa exFAT tatizo hilo linaisha, ila ikumbukwe kwamba kuipanga upya kunafuta kila kilichomo. Vilevile kamera nyingi hukata rekodi ndefu katika vipande vya gigabaiti 4, na mwanafunzi asiyejua hunakili kipande cha kwanza tu. Kwa hiyo iwe kanuni: kadi haifutwi mpaka vipande vimehesabiwa, vimefunguliwa na kutazamwa, na viko mahali pawili.

Nakala ya akiba

Tunasikia mara nyingi, “Seva yetu ina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, tuko salama.” Ni kweli kwamba diski moja ikifa nyingine inaendelea. Lakini mtu akifuta, imefutwa kwenye zote mbili papo hapo. Radi ikipiga, zote zimo ndani ya sanduku moja. Mwizi naye anabeba sanduku lote. Huo ni uimara wa mashine, bali si akiba.

Akiba ni diski mbili za nje, ziandikwe A na B. Ijumaa hii inatumika A, Ijumaa ijayo B. Isiyotumika ikae jengo jingine, kwa mfano katika kabati la mkuu wa shule lenye kufuli. Zisiwe kamwe chumba kimoja kwa wakati mmoja. Kisha mara moja kila muhula, mwalimu achague folda mojawapo bila kuangalia, airudishe kutoka kwenye akiba, na aifungue mbele ya mkuu wa shule. Akiba ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Namna ya kufuta

Hatusemi kila kitu kitunzwe. Kufuta ni lazima, ila kufanywe kwa utaratibu.

Wiki mbili kabla ya kufunga muhula, tangazo libandikwe mlangoni. Kila kundi lifute pumba zake lenyewe. Kisha kundi lijibu swali moja kuhusu video yake ghafi: je, jambo hili linaweza kurekodiwa tena kesho? Kama ni igizo la darasani au mazoezi ya kupika chapati, linaweza, nayo video ghafi ina ruhusa ya kuondoka baada ya video iliyokamilika kukaguliwa. Kama ni mazungumzo na mzee, arusi, mafuriko, au sherehe iliyopita, haliwezi, nayo inahamia kwenye diski ya kumbukumbu ya shule. Jibu liandikwe kwenye daftari na wanakundi wote wanne waweke sahihi.

Zile zilizoruhusiwa kuondoka mwalimu azihamishie kwenye folda iitwayo INASUBIRI, zikae muhula mmoja mzima. Mwisho wa muhula huo zifutwe na watu wawili, mwalimu pamoja na mwanafunzi aliyechaguliwa na wenzake. Mwanafunzi asiwe na uwezo wa kufuta folda ya kundi jingine, hata akiwa kiranja mkuu, hata kama mahafali ni kesho.

Baadhi ya walimu wametuambia kwamba watoto wanapaswa kujifunza kuhariri, si utunzaji wa ghala. Tunawaheshimu, lakini tunaona tofauti. Kijana atakayemaliza shule na kuanza kupiga video za arusi mtaani kwake atakutana na ghala siku ya kwanza. Bwana na bibi arusi hawataoana mara ya pili kwa sababu diski ilijaa. Mteja anaweza kusamehe picha iliyokatwa vibaya. Picha iliyopotea ni vigumu kuisamehe.

Nyuso za watoto

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wakuu wa shule. Diski hizi zimejaa nyuso na sauti za watoto na za watu waliotufungulia milango ya nyumba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tukusanye taarifa za mtu kwa kusudi linalojulikana, tuzilinde, na tusizikae nazo kupita inavyohitajika. Basi kila folda inayoingia kwenye kumbukumbu iwe na karatasi ya ridhaa: nani alirekodiwa, alikubali itumike wapi, na kwa mtoto, mzazi au mlezi yupi alikubali. Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kutolewa zawadi na diski yake kabla fundi hajaisafisha kabisa. Tumeona soko la vitu vilivyotumika, na tunajua diski hizo zinaishia wapi.

Tunayowaomba

Tunawaomba kila shule, kabla ya muhula ujao, ifanye mambo matano. Iteue mwalimu mmoja mwenye dhamana ya ghala, na mwingine wa kumsaidia asipokuwepo. Ibandike kanuni ukutani kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu. Iweke mgao kwa makundi. Inunue diski mbili za akiba, na itenge katika bajeti ya kila mwaka fungu la kuzibadilisha, kwa sababu diski huchakaa kama matairi. Na ijaribu kurudisha folda moja kutoka kwenye akiba, kisha ituandikie imeonaje.

Wajumbe wa bodi, mkiletewa ombi la kununua diski kubwa zaidi, tafadhali ulizeni kwanza kama utaratibu upo. Kama upo, toeni fedha kwa moyo mkunjufu. Kama haupo, anzeni na utaratibu.

Wale wasichana wa Kidato cha Tatu, tuliambiwa, walikwenda kwa mzee mwingine, mdogo kwa umri, ambaye anakumbuka baadhi ya mambo ya mfongo ule. Si yote. Tulipoondoka, video hiyo ilikuwa katika diski mbili, moja ikiwa chumba cha kompyuta na nyingine ofisini kwa mkuu wa shule, na kwenye folda wameandika mwaka, kidato, namba ya kundi, na jina la mzee.